Goti limevimba: usaha, jongo, baridi yabisi au gegedu lililosagika?

Mgonjwa anayefika amelishika goti mara nyingi ameshajipa jina la ugonjwa: baridi yabisi. Jina hilo hubebeshwa kila kitu, kuanzia goti la mzee aliyelima ujana wake wote hadi nyonga ya mtoto iliyojaa usaha tangu juzi. Muuguzi anayempokea ndiye wa kwanza kutenganisha, na anachouliza dakika 10 za mwanzo ndicho kinachoamua kama mtu huyo atafika chumba cha upasuaji leo au atarudishwa nyumbani na parasetamoli huku kiungo kikiharibika. Katika makala haya baridi yabisi ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo. Jongo ni ule unaoletwa na fuwele za asidi ya yuriki. Gegedu ni ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo.

Anza na muda, maumivu baadaye

Ukali wa maumivu haukusaidii kuchagua. Mwenye jongo atalia, mwenye usaha atalia, na mwenye goti lililosagika aliyepanda daladala 2 kuja kliniki naye atalia. Kinachowatenganisha ni muda. Jongo humkuta mtu amelala mzima: usiku wa manane kidole kinaanza kuwaka, na kabla ya saa 24 kupita maumivu yameshafika kileleni. Usaha huchukua siku 1 hadi chache na hauna nafuu. Kila siku ni mbaya kuliko jana. Baridi yabisi hujijenga kwa wiki na miezi. Gegedu husagika kwa miaka.

Swali la pili ni la asubuhi. Usimuulize "unakakamaa?", kwa sababu wote watajibu ndiyo. Muulize akiamka inachukua muda gani vidole vilegee kiasi cha kufunga vifungo vya shati au kukamua nguo. Chini ya dakika 30 ni dalili ya gegedu kusagika. Zaidi ya saa 1, kila siku, ni dalili ya baridi yabisi.

Tatu, hesabu viungo na uvitazame vyote, hata visivyolalamikiwa. Vua soksi. Linganisha goti moja na jingine mgonjwa akiwa amelala chali na miguu imenyooka.

Mwisho kabisa ndipo usogeze kiungo, taratibu, wewe mwenyewe. Hapa kuna siri ambayo wengi huiruka: ngozi iliyovimba kwa maambukizi, au kifuko cha maji kilicho mbele ya goti, huuma sana ukigusa, lakini goti lenyewe bado litakubali kukunjwa kwa kiasi. Usaha ukiwa ndani ya kiungo, mgonjwa hatakuruhusu hata nyuzi chache upande wowote.

| | Usaha ndani ya kiungo | Jongo | Baridi yabisi | Gegedu kusagika |
|---|---|---|---|---|
| Huanza kwa | siku 1 hadi chache | saa chache, mara nyingi usiku | wiki hadi miezi | miaka |
| Viungo | kimoja, mara nyingi goti; kwa watoto na nyonga | kimoja, hasa shina la kidole gumba cha mguu | vingi vidogo, mikono yote miwili | goti, nyonga, viungo vya karibu na kucha |
| Asubuhi | hakisogei muda wote | hakisogei shambulio likiwapo | kukakamaa zaidi ya saa 1 | chini ya dakika 30 |
| Ute wa kiungo | mzito, haupitishi mwanga | wenye ukungu, una fuwele | wenye ukungu | angavu, rangi ya manjano hafifu |
| Chembe nyeupe kwa milimita 1 ya ujazo | kwa kawaida zaidi ya 50,000 | 2,000 hadi 50,000 | 2,000 hadi 50,000 | chini ya 2,000 |
| Rufaa | leo hii | usaha ukishaondolewa shaka | ndani ya wiki chache | kliniki ya kawaida |

Jedwali hili lisomwe kwa tahadhari moja kubwa. Namba 50,000 si ukuta. Jongo kali huweza kuivuka, na mgonjwa mwenye VVU uliokithiri, kisukari au anayemeza prednisoloni (dawa inayotuliza uvimbe lakini hudhoofisha kinga) anaweza kuwa na usaha wenye chembe chache. Homa nayo hudanganya: wagonjwa wengi wenye usaha kiungoni, hasa wazee, hawana homa siku ya kwanza, na aliyechomwa diklofenaki (dawa ya maumivu inayoshusha pia homa) duka la dawa asubuhi atapimwa joto nyuzi 36.8 mchana bila kuwa amepona chochote.

Usaha na jongo: hapa ndipo kosa huwa ghali

Kiungo kimoja, kimevimba, kina moto, hakisogei. Kanuni ni kukichukulia kuwa na usaha hadi ute wake uthibitishe vingine. Ukikosea kwa kumtibu mwenye jongo kama mwenye usaha, umempotezea siku chache na dripu kadhaa. Ukikosea upande wa pili, bakteria, mara nyingi Staphylococcus aureus, pamoja na vimeng'enya vya mwili wenyewe huanza kula gegedu ndani ya siku chache, na gegedu halioti tena.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuvuta ute kabla ya antibiotiki. Muuguzi hutayarisha sindano nene (namba 18 kwa goti), bomba la mililita 20, dawa ya kusafisha ngozi iachwe ikauke yenyewe, glovu tasa, lignokaini ya kutia ganzi, na vyombo vya sampuli vikiwa na majina tayari. Sehemu moja iende kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau kwa ajili ya kuhesabu chembe, nyingine kwenye chombo tasa kwa upimaji wa Gramu (kupaka rangi ili bakteria waonekane), fuwele na kuotesha vimelea. Ukiwa na chupa ya kuotesha damu, mililita chache ziingie humo palepale kitandani. Sampuli isiwekwe kwenye friji wala isisubiri mtu wa zamu ya jioni. Ute uliokaa benchi saa 6 chembe zake hupasuka, na maabara itatoa namba ndogo ya uongo.

Usiandae uvutaji pale ngozi ya juu ya kiungo ina jipu au maambukizi ya wazi, kwa sababu sindano itabeba bakteria kuwapeleka ndani. Na mwenye kiungo cha bandia asivutwe kliniki hata kidogo. Huyo ni wa chumba cha upasuaji.

Kuna hali moja ambamo antibiotiki haisubiri ute. Akihema mara 22 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu likishuka, au akianza kuchanganyikiwa, chukua damu ya kuotesha, anza dawa, na mengine yafuate. Kwa mtu mzima kloksasilini gramu 2 kila saa 6 kupitia mshipa ndiyo msingi katika miongozo mingi, na daktari huongeza seftriaksoni pale anapohofia bakteria wengine. Matibabu huenda wiki 4 hivi au zaidi, na mwanzo wake ni wa mshipani. Mgonjwa aambiwe hilo mapema, la sivyo atatoroka wodini siku ya 5 maumivu yakipungua.

Antibiotiki peke yake haitoshi, kwa sababu usaha lazima utoke, kwa sindano za kila siku au kwa kuoshwa upasuaji. Baada ya kuoshwa, mgonjwa hupenda kulala na goti limekunjwa juu ya mto, maana hivyo ndivyo linavyouma kidogo. Mto huo uondoe. Siku chache tu za goti lililokunjwa zinatosha kufupisha kano za nyuma, na wiki 3 baadaye utakuwa na goti lisilo na usaha lakini lisilonyooka. Libanwe kwa banzi likiwa karibu limenyooka, mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi, na uanze kulikunja na kulinyoosha mara tu daktari anaporuhusu.

Jongo likithibitishwa, mambo huwa mepesi. Kiungo kipumzike, mguu uinuliwe, shuka lisikiguse kidole, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa ikae dakika 15 hadi 20. Dawa huchaguliwa kwa kumtazama mgonjwa mzima. Ibuprofeni au indomethasini zinafaa kwa kijana mwenye figo nzima. Kwa mwenye kreatinini iliyopanda (dalili ya figo dhaifu), vidonda vya tumbo au moyo ulioshindwa, prednisoloni miligramu 30 hadi 35 kwa siku 5 ni salama zaidi, mradi sukari ipimwe na usaha uwe umeondolewa shaka. Kolchisini hutolewa miligramu 1, kisha 0.5 baada ya saa 1; kuharisha ni onyo la kwanza kwamba dozi imezidi.

Kipimo cha asidi ya yuriki kinawapotosha wengi. Wakati wa shambulio kiwango chaweza kuwa cha kawaida, hivyo usilitupe wazo la jongo kwa karatasi moja ya maabara; kirudiwe wiki 2 hadi 4 baadaye. Vilevile asidi iliyopanda haithibitishi kuwa goti hili ni la jongo, na fuwele zikionekana bado usaha unaweza kuwapo pamoja nazo.

Kabla ya kuilaumu nyama choma na bia, soma dawa za mgonjwa. Haidroklorothiazidi ya presha hupandisha asidi ya yuriki. Pirazinamidi, iliyomo kwenye vidonge vya miezi 2 ya mwanzo ya kifua kikuu, hupandisha zaidi, na maumivu ya viungo wakati huo ni ya kawaida. Mgonjwa wa kifua kikuu apewe dawa ya maumivu na aendelee na tiba yake. Kumwachisha bila kliniki ya kifua kikuu kujua ni kumfungulia usugu wa dawa. Alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, nayo ina utaratibu wake. Anayeitumia tayari asiache wakati wa shambulio. Asiyeitumia, wengi husubiri shambulio litulie, kisha waanze na miligramu 100 kwa siku au pungufu kama figo ni dhaifu, wakipandisha taratibu hadi asidi ishuke chini ya mikromoli 360 kwa lita. Upele wowote ukitokea, dawa isimame siku hiyohiyo.

Baridi yabisi na gegedu kusagika

Hawa wawili hukaa kwenye foleni moja ya kliniki na hupewa diklofenaki ileile, jambo ambalo ni hasara kwa wote. Tazama mikono. Baridi yabisi hushika vifundo vya shina la vidole, viungo vya katikati ya vidole na vifundo vya mikono, pande zote mbili, na uvimbe wake ni laini ukiubonyeza. Viungo vilivyo karibu na kucha huachwa. Kusagika hufanya kinyume: hupenda hivyo vya karibu na kucha na shina la kidole gumba, na uvimbe wake ni mgumu, ni mfupa. Mkono ukiwa mzima na goti moja linakwaruza ukilikunja kwa mtu wa miaka 45 na zaidi, huhitaji vipimo vya damu kuanza kumsaidia.

Kwa watu wa pwani kuna mwigaji wa kukumbuka. Chikungunya, iliyotambuliwa kwanza kwenye nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanzania mwaka 1952 na iliyozuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, huacha maumivu ya viungo vya mikono na miguu kwa wiki au miezi. Historia ya homa kali ya ghafla, wengine nyumbani wakiugua pamoja, ndiyo inayoitofautisha. Ndiyo maana jina la baridi yabisi lisiandikwe kwenye faili kwa uvimbe ambao haujatimiza wiki 6, isipokuwa vipimo na daktari wamekubaliana.

Kwa gegedu lililosagika, mazoezi yana faida kuliko vidonge. Mgonjwa akae kitini, anyooshe goti, alishikilie hewani sekunde 5, mara 10, kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa mbele ya paja ukipata nguvu, goti hupata mlinzi. Kila kilo 1 ya uzito inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua, na hesabu hii huwashawishi watu kuliko mahubiri ya lishe. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, itangulie pamoja na mguu mbovu, na kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono mgonjwa akisimama na viatu vyake. Ngazini, mguu mzima utangulie kupanda, mbovu utangulie kushuka. Diklofenaki ya kila siku kwa mwenye presha na umri mkubwa ni njia ya kwenda kwenye kushindwa kwa figo au kutapika damu. Mpime presha kila anapokuja kuchukua nyingine.

Baridi yabisi inahitaji dawa inayouzuia ugonjwa wenyewe, na inahitaji mapema, kabla mifupa haijaliwa. Dawa ya kwanza ni methotrekseti. Inamezwa mara 1 kwa wiki, na hapa ndipo wagonjwa hufa kwa kosa la maandishi. Mtu aliyeandikiwa miligramu 15 humeza vidonge 6 vya miligramu 2.5. Bahasha ikiandikwa "6x1" kama tulivyozoea, atameza 6 kila siku, na ndani ya siku chache uboho utaacha kutengeneza damu. Andika siku kwa jina lake: "Vidonge 6 kila JUMATATU tu." Mwambie mgonjwa arudie kwa mdomo wake, na mtu wa nyumbani akiwapo, naye asikie. Asidi ya foliki miligramu 5 imezwe siku nyingine ya wiki.

Uliza pia kuhusu kotrimoksazoli. Wagonjwa wengi wanaoishi na VVU huimeza kila siku kama kinga, na ikikutana na methotrekseti hukandamiza uboho kwa pamoja. Hilo daktari alijue kabla ya dozi ya kwanza. Vidonda vya mdomoni, homa, kikohozi kikavu chenye kuhema, au michubuko isiyo na sababu: dawa isimame na mgonjwa aje siku hiyo. Mwanamke asiitumie akiwa mjamzito wala bila uzazi wa mpango.

Mengine mawili ya baridi yabisi. Mgonjwa wake akipata kiungo kimoja chenye moto kuliko vingine vyote, usikiite "imeamka tena". Rudi kwenye kanuni ya usaha. Na aliyeugua miaka mingi anapopelekwa upasuaji wowote, andika kwa herufi kubwa kwamba shingo yake inaweza kuwa imelegea kwenye pingili 2 za juu, ili mtoa usingizi asiikunje kwa nguvu.

Onyo kuhusu vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kama tiba ya viungo: mgonjwa akisema vilimponya siku ya pili, akiwa na uso uliojaa na tumbo lenye michirizi, fikiria prednisoloni au deksamethasoni. Usimwambie aviache ghafla. Tezi zake zilizo juu ya figo zimelala, na shinikizo la damu linaweza kuporomoka.

Mtoto mwenye selimundu: shambulio la maumivu au usaha ndani ya mfupa?

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu; Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nazo zimo. Mtoto analia mguu, una joto, chembe nyeupe zimepanda, CRP (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini) imepanda. Yote hayo hutokea kwenye hali zote mbili, hivyo vipimo vya damu havitakuchagulia. Shambulio la maumivu hutokea mara nyingi zaidi, hupenda sehemu kadhaa kwa pamoja, na mtoto mwenyewe au mama atakwambia "ni kama yale ya siku zote". Usaha hukaa sehemu moja, uvimbe hukua, homa hubaki juu ya nyuzi 38.5, na siku 2 au 3 za maji na dawa za maumivu hazibadilishi kitu. Eksirei ya mapema haina msaada. Mabadiliko ya mfupa huonekana baada ya siku 10 hadi 14. Ultrasaundi inayoonyesha majimaji chini ya utando wa mfupa ina faida zaidi.

Wakati wa kusubiri, dawa ya maumivu iingie ndani ya dakika 30 tangu afike: parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, ibuprofeni miligramu 10 kwa kilo kama figo ni nzima, na mofini ya kunywa ikiwa bado analia. Usiweke barafu, baridi hukunja chembe zaidi. Maji yatoshe mahitaji yake bila kuzidi, maana mapafu ya mtoto huyu hujaa upesi. Usaha ukishukiwa, damu ya kuotesha itoke kabla ya antibiotiki, na dawa ichaguliwe kwa kukumbuka bakteria Salmonella, ambayo kwa watoto hawa ni mshukiwa mkubwa. Kloksasilini peke yake haiifikii, ndiyo sababu seftriaksoni huongezwa.

Mgongo: uchovu wa kazi au kifua kikuu?

Maumivu mengi ya mgongo ni ya misuli na hupungua ndani ya wiki 6. Yanayoamsha usiku, yaliyodumu miezi, pamoja na kukonda na homa za jioni, ni mengine. Pitisha kidole kwenye uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine; nundu ndogo yenye ncha na maumivu pale pale ni kifua kikuu cha mgongo hadi ithibitike vingine, hata kama hakohoi na eksirei ya kifua ni safi. Tiba yake huwa miezi 9 hadi 12.

Miguu ikilegea, ganzi ikishika sehemu za siri na makalio, au mkojo ukikataa kutoka, hiyo ni dharura ya leo. Alazwe kwenye godoro gumu, ageuzwe na watu 3 au 4 mwili ukizunguka kwa pamoja, ngozi ya makalio na visigino itazamwe kila saa 2. Weka katheta na uandike kiasi cha mkojo kilichotoka. Andika pia siku na saa miguu ilipoanza kulegea, kwa sababu ndilo swali la kwanza la daktari wa upasuaji atakayempokea.